Mama Aliyepandia Muheza

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipitisha stesheni ya Tanga, nikamwomba asimamishe gari. Nyasi zimeota kati ya reli, na pale walipogombania mizigo wapagazi sasa wamelala mbuzi. Mjukuu akanisikia nikisema asante, akauliza naongea na nani. Acha nikueleze wewe, rafiki yangu, maana yeye ana haraka zake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimeng'oka meno ya mbele. Mama alikuwa amelazwa Tanga kwa homa, akamwacha mdogo wangu wa miezi minne kwetu kijijini, jirani na Korogwe. Mtoto alikataa maziwa ya ng'ombe, akakataa uji mwepesi, akakataa hata maji ya sukari. Siku ya tatu kilio chake kikawa chembamba. Bibi akasema tunampeleka kwa mama yake, watake wasitake. Tukapanda gari la moshi asubuhi, daraja la tatu, bibi na mtoto kifuani, mimi na kikapu cha mihogo ya kuchemsha.

Nikiri kwamba nilifurahi, maana nilikuwa sijapanda treni. Mabenchi ya mbao yalitetema hadi meno yangu machache yakagongana, moshi ukaniingia machoni, na mashamba ya mkonge yakapita dirishani na ile harufu yake ya kuoza. Bibi hakutazama nje hata mara moja. Alichovya kidole kwenye chupa ya maziwa, akamtia mtoto mdomoni, mtoto akatema. Halafu mtoto akanyamaza kabisa, na furaha yangu ikaniishia palepale.

Muheza akapanda mwanamke wa buibui, na mwanawe mchanga wa kiume na kapu la machungwa. Akamwamkia bibi shikamoo, akakaa mbele yetu, akauliza mtoto ana nini. Bibi akamweleza. Yule mwanamke akaniwekea mwanawe mapajani kana kwamba tunajuana, akanyoosha mikono ampokee mdogo wangu, kisha akasita.

"Bibi, kwetu nikimnyonyesha akashiba mara tano, huyu ni mwanangu. Na huyu wangu ni kaka yake, hawaoani abadani. Sharti nikwambie kwanza."

Bibi yangu alikuwa mtu wa kanisani, jambo hilo hakupata kulisikia. Alichosikia ni "mwanangu" tu, akamkumbatia mtoto kama anayeporwa. Abiria wote wakawa wanatutazama. Mimi nilitaka kulia, kwa sababu niliona wazi kwamba bibi akikataa, mdogo wangu hatafika.

Yule mwanamke hakukasirika. Akasema taratibu, "Simchukui, bibi. Namwongezea ndugu."

Bibi akamtoa. Mdogo wangu alihangaika kidogo, akashika ziwa, kisha nikamsikia akimeza. Mpaka leo sijasikia sauti tamu kuliko ile. Bibi alilia hadharani, upindo wa kanga mdomoni, na abiria mmoja nisiyemjua akanimenyea chungwa.

Mama tulimkuta hai, ila maziwa yamemkauka. Yule mwanamke akatupa chumba cha uani kwake Ngamiani, tukakaa siku kumi. Alinyonyesha watoto wawili, akatulisha mkate wa kumimina na bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki, na hizo mara tano zilipita bila mtu kuzihesabu. Bibi alirudi kijijini akisema kila kona kwamba udugu ni kufaana, si kufanana. Tangu hapo kila Idi tulishuka Tanga kwa treni na maharage, na kila Krismasi wao wakapanda kuja kwetu na samaki wakavu.

Treni ile ya abiria haipo tena, wala bibi, na siku hizi tunasafiri kutwa nzima bila kuulizana hali. Siwalaumu vijana, nami nimekuwa hivyohivyo. Lakini nashukuru nilizaliwa nikauwahi ule wakati.

Yule mama alifariki akiwa mzee sana. Mazishi yalipangwa adhuhuri, na basi la mdogo wangu likaharibikia njiani. Wanawe wakaomba watu wasubiri hadi alasiri. Mzee mmoja akanung'unika kwamba maiti hacheleweshwi, akauliza anayesubiriwa ni nani hasa.

Yule niliyepakatishwa garini, sasa mwenye mvi, akamjibu kwa adabu, "Tuvumilie kidogo, mzee wangu. Binti wa marehemu bado hajafika."