Migomba ya Maua Katika Shamba la Ngano

Mke wa mwanangu amepanda maua mekundu pande zote mbili za mlango wake, na mimi nikienda kwake napitia nyuma, jikoni, kama mwizi wa kuku. Anadhani nina kiburi. Ameshamuuliza mwanangu kwa nini mama yake hataki kuingia kwa mlango kama watu wengine. Sijawahi kumjibu. Nimwambie nini? Kwamba maua yake ni mazuri, na siwezi kupita katikati yake? Wacha niandike, siku moja asome mwenyewe, aache kuninunia.

Maua yenyewe ni yale ya majani mapana, yanayochomoza yakiwa yamejikunja kama ya mgomba mchanga. Sisi tuliokuwa kwenye mashamba ya wazungu upande wa Soy tuliyaita migomba ya maua. Wazungu walikuwa na jina lao, sikulishika, na sina haja nalo. Ua likinyauka huacha vifuko vyenye mbegu nyeusi, ngumu kama changarawe. Chini ya udongo kuna mizizi minene iliyoshikana kama tangawizi, na hiyo mizizi ndiyo mmea wenyewe. Haufi kwa mwaka mmoja kama mahindi. Hukauka juu, ukanyamaza, halafu siku umeusahau ukarudi.

Mimi na mume wangu tulifika pale kutoka kwao, huko magharibi, muda mfupi baada ya harusi yetu ya kanisani. Yeye alipewa kazi ya kupeleka ngano stesheni ya Eldoret kwa gari la maksai. Mimi nikapelekwa bustanini kwa memsabu, mke wa mwenye shamba. Nilishangaa sana. Sikujua kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuamka asubuhi, akatafuta mbolea, akachota maji, akapalilia, na yote hayo kwa kitu kisichoingia chunguni. Jioni nilimwigiza memsabu mbele ya mume wangu, nikiinamia ukindu wa ufagio na kuubembeleza, naye akacheka mpaka akakohoa.

Lakini kazi niliipenda, lazima niseme ukweli. Memsabu hakuwa mtu wa makelele. Shida yake kubwa ilikuwa baridi. Alinieleza kwamba kwao baridi hujulikana inakuja lini na inaondoka lini, na watu hung'oa mizizi ya maua wakaiweka ndani kwenye mchanga mkavu mpaka ipite. Huku kwetu baridi haina adabu. Januari jua linachoma mchana kutwa, udongo unapasuka, unatafuta kivuli hata cha punda; halafu alfajiri unatoka nje unakuta sakitu, umande ulioganda, imelala nyeupe juu ya majani. Ikikosa Januari inakuja Februari. Ikikosa kabisa, Julai mvua ya mawe inamaliza iliyobaki. Kwa hiyo kiangazi kizima, jioni mbingu ikiwa safi bila wingu, tulifunika maua kwa magunia ya ngano yaliyochakaa, na asubuhi tukayafunua kabla jua halijayapiga. Ukichelewa, majani yanageuka meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

Mara ya kwanza yalipoungua nililia, maana nilijua nimefukuzwa kazi. Memsabu alichuchumaa, akachimba kidogo kwa kidole, akanionyesha mzizi ulivyo mweupe na mzima.

"Mama, hapana lia," akasema kwa Kiswahili chao kile. "Juu nakufa. Chini hapana kufa."

Na kweli, mvua ilipokuja yalirudi yote. Mvua ikikaribia tulikuwa tukiyafukua mashina makubwa na kuyakata vipande kwa jembe, kwa sababu yakikaa miaka bila kugawanywa yanasongamana na hayatoi maua. Kila kipande chenye jicho la kuchipua ni mmea. Vilivyozidi tulivitupa nyuma ya zizi, na huko nako vikaota, juu ya samadi, bila mtu kuviambia.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa pale, msichana. Nilikuwa namlaza kwenye gunia chini ya mti bustanini nikifanya kazi. Alipoanza kukaa, memsabu alimpa zile mbegu nyeusi, mimi nikazitia kwenye kibuyu kidogo, kikawa kayamba lake. Alikitikisa siku nzima. Wee, kelele hiyo! Mume wangu alisema huyu ataongoza kwaya au atatufukuza nyumbani. Nilikuwa nikisikia kibuyu kimenyamaza najua amelala, au anakula udongo.

Aliondoka mwezi wa Julai, kifua. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga wiki hiyo na nyumba yetu ya nyasi ilikuwa na unyevu kila kona. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wala sitajaribu kuueleza hapa.

Kwao mume wangu mtoto mdogo huzikwa nyumbani, karibu na ukuta, mahali mama yake anapita kila siku. Hatukuwa na nyumbani. Tulikuwa na kibanda kwenye ardhi ya mtu, na kumbeba kwenda kwao kulitaka ruhusa ambayo hakuna aliyetupa. Bwana wa shamba alitukubalia tumzike pembeni mwa ngano, kando ya kichuguu kikubwa ambacho plau ilikuwa ikikizunguka. Watu wa kanisa walisimamisha msalaba wa mti. Mchwa waliula kabla kiangazi hakijaisha. Jiwe hatukuweka, si desturi. Kwao kaburi hupandwa kitu, ili hata ukirudi uzeeni useme ni hapa. Mimi nilichukua kipande nyuma ya zizi, chenye macho mazuri, nikakipanda upande wa kichwa.

Kulikuwa na jambo jingine, na ndilo la maana katika habari hii. Mtu wa ukoo wa mume wangu akizikwa ugenini, watu wake siku ya kuondoka huchukua udongo wa upande wa kichwa, kidogo tu, wakautia kwenye chungu kipya na kwenda kuuzika nyumbani. Hapo ndipo amefika kwao. Asipochukuliwa ameachwa njiani, na atakuwa anawauliza kwa nini. Lakini mama mzazi haruhusiwi kuutoa. Mkono uliomnyonyesha haumchimbi. Ni kazi ya nyanya yake. Kwa hiyo mimi kazi yangu ilikuwa moja: kulinda mahali, mpaka siku mama mkwe atakapokuja na chungu.

Nilikalinda. Ninasema nilikalinda kale kaua kama watu wanavyolinda ng'ombe. Kiangazi nilibeba debe la maji kutoka mtoni baada ya kazi, miguu ikiniuma. Memsabu alinipa magunia yaliyotoboka, na jioni za mbingu safi nilikwenda kufunika. Mume wangu hakupenda. Alisema unamfunika maiti, mama, wacha. Nikamwambia mimi nafunika ua, hayo mengine umeyasema wewe. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nikilipachika gunia vizuri pembeni kwa mawe ili upepo usiingie, na nikishamaliza nilikaa pale kidogo. Asubuhi nikafunua. Nilijisikia kama mama anayeamsha mtoto.

Baadaye shamba likauzwa. Bwana alikuwa amechoka na kutu, ule ugonjwa wa ngano, na memsabu alikuwa amechoka na Januari. Aliniaga kwa mkono, akaniachia jembe dogo. Magunia yote yalifungiwa stoo na ufunguo akakaa nao nyapara mpya, mtu wa kutembea na fimbo hata akienda kula. Mwenye shamba mpya alikuja na trekta. Hatukuwa tumewahi kuwa na trekta. Alisema hataki kuona pembe isiyolimwa.

Tukaona mambo yameharibika, tuondoke. Mkataba wa mume wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Tulikubaliana niende kwao nikamlete mama mkwe kabla mvua haijaanza, achukue udongo, tufunge mizigo. Mwaka huo sakitu ya Januari ilikuwa kali kuliko zote nilizoziona, na sikuwa na gunia. Nilifunika kwa khanga yangu na nyasi. Haikusaidia. Asubuhi ua lilikuwa jeusi, limelala, na baada ya siku chache jua likalimaliza likawa takataka ya kahawia. Sikulia. Nilikuwa nimeshafundishwa. Nikasema chini hapana kufa, nikaenda zangu magharibi.

Mama mkwe alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache na miguu ya haraka. Chungu alikuwa amekwishafinyanga mwenyewe, kidogo, cha kuingia kwapani, na alikibeba njia yote bila kuniruhusu nikishike.

Tulipofika hatukukuta kichuguu. Nilidhani nimepotea njia. Nilisimama nikitafuta kile kilima na macho yangu yakateleza tu, udongo mweusi uliopinduliwa kutoka barabarani hadi kwenye miti ya mpakani, mistari kwa mistari, safi. Mume wangu alikuwa ametumwa Eldoret na ngano siku trekta ilipofika upande ule. Aliporudi alimkuta nyapara, na nyapara akamjibu kwamba dereva aliuliza kaburi liko wapi, akaonyeshwa vijiti vikavu, akasema hapa hapana kaburi. Mume wangu alilalamika. Dua la kuku halimpati mwewe. Aliambiwa akitaka kulalamika zaidi akafungashe.

Mama mkwe aliniuliza kwa upole, "Ni wapi, mama?"

Nikatembea. Nikahesabu kutoka kwenye mti fulani, nikarudi, nikaanza kutoka kwenye mti mwingine. Nikamwonyesha mahali. Halafu nikamwonyesha mahali pengine. Aliniangalia nikizunguka juu ya matuta, akashika mkono wangu, akanirudisha nyumbani.

Aliyenipa tumaini ni mimi mwenyewe. Nilimwambia hilo ua haliuawi. Mvua ikinyesha litachomoza, na pale litakapochomoza ndipo alipo. Akasema basi tutangoja. Mume wangu akaweka dole gumba kwenye mkataba mwingine, wa mtu asiyempenda, kwa ajili ya ua. Sote watatu tukakaa kwenye kile kibanda tukisikiliza mvua. Sijawahi kuiombea mvua hivyo, hata wakati wa njaa.

Trekta ilipita tena na haro ya kuvunja madongoa, kisha ngano ikapandwa. Ikaota. Mimi kila asubuhi nilikuwa kando ya shamba. Siku moja nikaona jani limejikunja, pana, si la ngano. Lo! Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamvuta tu mama mkwe kwa nguo. Alichukua chungu. Tulipofika pale nilipiga magoti nikaligusa lile jani. Mama mkwe hakuinama. Alikuwa anatazama mbele.

"Na lile?" akauliza.

Kulikuwa na lingine, mbali kidogo. Na mbele yake lingine. Siku zilizofuata yalizidi, yakafuata mistari ya plau, mengine yakaruka mpaka katikati kabisa, mengine yalifika karibu na barabara. Plau ilikuwa imeukata ule mzizi, haro ikaburuta vipande, na kila kipande chenye jicho kikafanya nilichokuwa nikikifanya mimi kwa jembe miaka yote bustanini. Kufikia Julai yalikuwa juu ya ngano, mekundu, shamba zima. Watu waliopita barabarani walisimama kuyatazama. Walisema ni mazuri.

Mama mkwe aliingia kwenye ngano peke yake asubuhi moja na akatembea ndani yake mpaka jua likawa kali. Alirudi na umande na matope hadi magotini, chungu kitupu.

"Siwezi kubeba shamba lote, mama," aliniambia.

Alikiacha chungu nje ya mlango wetu, kimefunikwa kifudifudi. Kesho yake akaenda kwao. Nilimsindikiza hadi barabara ya Soy.

Wiki hiyohiyo mwenye shamba aliyaona maua. Yalikuwa yanaharibu ngano yake. Wanawake wote tuliitwa, tukapangwa mstari, kila mmoja na upande wake, tukaambiwa tung'oe na mizizi, tusiache kipande, maana kikiachwa kinarudi. Nani asiyejua hilo? Nilikuwa nalo lile jembe dogo la memsabu. Nikaanza. Kila nilipong'oa nilitazama chini, kwenye shimo, kama kuna chochote: kibuyu, mbegu, kipande cha blanketi. Udongo tu. Ningeliacha moja ningekuwa nimeliacha lipi? Nilichimba kila mzizi mpaka mwisho wake, polepole, kwa adabu, kwa sababu mmoja kati yao ulikuwa umemshika mwanangu na mimi sikujua ni upi. Yaliyong'olewa tuliyarundika barabarani na jioni yakachomwa moto.

Nilipofika mwisho wa mstari wangu nyapara alipita nyuma yangu akichokoa udongo kwa fimbo yake. Akasema nimefanya kazi nzuri, sijaacha hata moja.