Sanduku la Taa la Kepueli

Miaka kumi na moja nimeitwa Bibi Mafuta hapa Kolonga, na aliyenipa jina hilo ni Kepueli, mtoto wa kaka yangu. Hilo mlielewe kwanza. Kwetu Tonga, visiwani Pasifiki, shangazi ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake. Akiingia kwao wanakaa chini, akitaka nguruwe anapewa nguruwe, na hakuna wa kumuuliza nguruwe wa nini. Huyu wangu akanifanya kichekesho mbele ya kanisa zima.

Kisa ni mkanda wa video. Mama yangu alipelekwa Auckland kutibiwa, akafia huko. Kabla hajafa, kaka yangu Heamasi aliazima kamera akamrekodi, mama kakaa kitini, anaaga watu mmoja mmoja kwa jina. Mkanda ukaja pamoja na jeneza. Ukachezwa nyumbani kwa Heamasi, watu wakajaa mpaka mlangoni. Mimi sikuuona. Kaka na dada hawakai chumba kimoja wakatazama picha, hilo kwetu halifanyiki, hata msibani. Nilikaa nyuma ya ukuta wa mabati, nasikia sauti ya mama kwa mbali, na wanawake wanalia juu yake. Nikawauliza baadaye, kasema nini kwangu? Wakanijibu, "Amekusalimu." Basi. Mama yangu hakuwa mtu wa salamu. Yule mama hakuwahi kufungua kinywa bila kumgombeza mtu. Nikajua kuna maneno yangu mle ndani ambayo hao wapumbavu hawakuyabeba.

Heamasi alipokufa mkanda ukaja kwangu, lakini deki yake ilishaliwa na kutu. Nikaufunga ndani ya bati la biskuti na mchele mkavu chini yake, nikangoja.

Aliyekuja ni Kepueli.

Huyo tangu utotoni ni mtu wa kuonekana. Wenzake wakichimba viazi vikuu, yeye ndiye anayesimama na kikapu pale ambapo mchungaji atapita. Akaenda New Zealand, akafungasha vitunguu miaka sita, akarudi na miwani ya jua na sanduku moja kubwa. Tukadhani ni friji. Kumbe kompyuta. Ubavu wake kioo, ndani taa nyekundu, buluu na kijani zinazunguka kama duka la Krismasi, na feni tano zinavuma. Akaweka kibao barabarani, kwamba anahamisha mikanda ya zamani na kuiingiza kwenye kompyuta: harusi, maziko, siku za kuzaliwa. Kila mtu alikuwa na mkanda unaooza, basi watu wakaenda.

Na mimi nikaenda na bati langu. Akakaa chini, kama inavyotakiwa, na hapohapo akaanza kujisifu.

"Shangazi, hii ina kadi ya picha ya kuchezea michezo ya vita. Kisiwa kizima hakuna nyingine."

"Bibi yako hapigani vita. Amekaa kitini."

"Huelewi, shangazi. Kadi ikiwa na nguvu, picha inakuwa na nguvu."

"Na deki iko wapi?"

Akaionyesha kwa mguu. Kideki chepesi, kimefungwa kwa karatasi ya gundi, alikiokota kwenye mitumba. Mwenye macho angeona hapohapo: hela yote ilikwenda kwenye taa. Mimi nilikuwa na macho, ila nilikuwa na hamu pia, na hamu humfanya mtu mjinga. Nikamwachia.

Baada ya wiki mbili ananiletea diski ndogo inayong'aa. Tukaicheza. Kichwa cha mama kinakatika vipande, kipande kinakwenda kulia, kipande kushoto. Mdomo unafunga, sauti bado iko njiani. Dakika ya kumi na mbili, giza.

"Mengine yako wapi?" nikamuuliza.

"Mengine hakuna. Nimeucheza wote mpaka mwisho, shangazi, umeoza. Uliuweka karibu na mafuta ya nazi. Mafuta yameingia."

Jumapili, kwenye chai baada ya ibada, akawasimulia wanaume. Akaigiza namna ninavyojipaka mafuta na kuupaka mkanda. Wakacheka mpaka chai ikawamwagikia. Wiki ile ile watoto wakaanza, Bibi Mafuta, Bibi Mafuta. Watu walioharibiwa harusi zao kwa sanduku lile lile wakaanza kusema hata wao pengine waliweka vibaya. Ndivyo walivyo hapa. Mtu mwenye taa anaaminiwa.

Nami nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko jina. Miaka yote hiyo nilijua kwamba mimi, kwa mikono yangu, nimemuua mama mara ya pili. Sikulifungua bati tena.

Mwaka jana Sulieti, dada yake Kepueli, akarudi kukaa kijijini. Yeye ndiye anayetengeneza kompyuta za shule huku mashariki yote. Mnyamavu, mkavu, kavaa viatu vya mpira. Nikamuuliza bila kuzunguka: "Lile sanduku la kaka yako linafaa kitu?"

Akatazama mikono yake. "Shangazi, siingii chumbani kwa kaka yangu na siisemi kazi yake."

"Mimi ni mkubwa wenu nyote wawili. Sema."

Akafikiri. "Wewe unakinga maji ya mvua. Mvua inapiga bati la paa, inapita mfereji, inaingia tangi. Mkanda ni hivyohivyo. Saa moja ya mkanda ni saa moja, haukungoji. Deki ndiyo bati, kidude cha kunasia picha ndicho mfereji, diski ndiyo tangi. Kinachomwagika kimemwagika."

"Na taa?"

"Taa ni rangi ya tangi."

Nikamwambia atengeneze mashine. Akasema hawezi kuweka kazi mbele ya mlango wa kaka yake, ni utovu wa heshima. Nikamwambia sijasema kazi, nimesema mashine ya mkanda mmoja, na nikamtupia mkeka miguuni, ule wa nyuzi nyembamba, wa bei, niliousuka miaka miwili.

"Uuze. Bei yake ndiyo uliyonayo, wala usirudi kuniomba mwingine."

Tukaenda mjini Nuku'alofa. Mkeka ukauzwa, tukaenda kwenye ofisi moja iliyokuwa inauza kompyuta zake za zamani. Kijana muuzaji akamsukumia moja nyembamba nyeupe, nzuri kama sahani. Sulieti hata hakuigusa. Akapiga magoti mbele ya sanduku la kijivu lililokwaruzwa, akalifungua, akachungulia kama mtu anayenunua farasi.

"Hiyo mbaya hiyo, dada," kijana akasema.

"Prosesa yake ina kori nne. Hiyo nzuri yako ina mbili. Na hapa naweza kuongeza memori, na kuna nafasi ya diski ya pili. Hiyo yako imegandishwa yote, haiongezwi kitu."

"Kadi ya picha haina."

"Sihitaji. Kupokea mkanda hakutaki kadi ya michezo. Ikishaupokea, kazi ya kuubana usijaze diski ni ya prosesa, na hiyo hata ikichukua siku nzima haidhuru. Mama hakimbii."

Nikampenda kidogo siku ile. Sanduku likapatikana kwa bei ya kuku wachache. Halafu akaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu akanunua deki nzito, ya Kijapani, mtu anaibeba kwa mikono miwili, yenye kitu ndani cha kuinyoosha picha isiyumbe. Hiyo ndiyo iliyokula zaidi ya nusu ya mkeka.

"Mbona deki ghali kuliko kompyuta?" nikauliza.

"Bati likitoboka, shangazi, tangi halina la kukuokolea."

Kidude cha kunasia akachagua kidogo cheusi, kile ambacho walimu wenzake walishakijaribu. Memori akaongeza kipande kimoja. Hapo mkeka ukawa umekwisha, na diski kubwa ya kuhifadhia picha bado.

Nyumbani akaisafisha deki kwa spiriti, akacheza kwanza mkanda wa mazoezi ya kwaya. Safi. Ndipo nikamletea bati la biskuti, siku ya kwanza kulifungua tangu Kepueli aurudishe. Sulieti akautoa mkanda, akautazama kwenye kidirisha chake.

"Nani aliugusa baada ya kaka yangu?"

"Hakuna."

"Shangazi, mkanda ukichezwa mpaka mwisho, wote unahamia upande huu. Huu umesimama hapa. Angalia. Dakika kumi na mbili hivi. Hakuurudisha nyuma, wala hakuumaliza."

Nikaangalia. Upande mmoja mnene, upande mwingine kamba nyembamba tu. Hata mimi niliyeacha shule darasa la tatu niliona. Hakuna mafuta, hakuna uozo. Aliuacha njiani, akaja kunidanganya machoni.

Sikulia. Nilichukua kikapu.

Kepueli alikuwa kaketi mbele ya sanduku lake anatazama raga. Aliponiona akateremka sakafuni.

"Niambie tena," nikamwambia. "Mkanda wa bibi yako uliucheza wote?"

"Wote, shangazi. Mambo ya zamani hayo."

"Sawa. Nipe diski yako kubwa."

"Ipi?"

"Ile ya ndani. Kubwa."

Akacheka, akaona mimi sicheki. "Ina filamu zangu zote. Na raga ya miaka tisa."

"Sijaomba filamu. Nimetaka diski."

"Shangazi, nitakupa nguruwe."

"Nguruwe nikimtaka nitakuja kesho."

Mke wake pale mlangoni alikuwa anasikia, na jirani anasikia. Kumnyima shangazi ni kujitoa kwenye watu. Akachukua bisibisi, akalala ubavu, mtu mzima wa kilo mia na thelathini, akaanza kuchokonoa chini ya zile taa. Akanipa kwa mikono miwili. Nikaitia kikapuni juu ya magimbi nikaondoka.

Jumamosi, baada ya kufyeka makaburi, Sulieti akatundika shuka kwenye ukumbi wa kanisa, ukumbi uleule wa chai. Niliita kila mtu aliyewahi kunisengenya. Kepueli hakuingia. Dada yake ndiye aliyekaa kwenye mashine, na yeye hawezi kutazama picha chumba kimoja na dada. Akabaki nje, nyuma ya ukuta. Alijua sasa kukoje huko.

Mama akatokea. Sweta ya buluu, kiti cha plastiki, kakunja uso kwa baridi. Mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Dakika ya kumi na mbili ikapita, ikapita ya ishirini. Akafika kwangu.

"Seluvaia. Najua uko nyuma ya ukuta, basi nitapaza sauti. Ule mkeka wangu usiumalize wewe, mkono wako mzito. Mpe mwenye vidole. Na uache kuwafokea watu, unajifanya mimi, na mimi bado sijafa. Ulikuwa binti mgumu. Nisingetaka mwingine."

Watu wakageuka kunitazama. Niliwaacha watazame.

Mlangoni pakawa na mtu. Kepueli, kafunga kiunoni mkeka uliochanika, shingoni majani ya mti wa ifi, kama anavyovaa mwenye kosa anapokuja kuomba. Akakaa kwenye ngazi, kichwa chini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma: "Shangazi, mkanda ulikuwa mzima. Diski yangu ilijaa filamu, ikakata. Sikuumaliza. Nilikusingizia."

Mchungaji akanitazama. Ukumbi mzima ukanitazama, wakingoja niseme inuka, mwanangu. Ni neno moja tu, na asipoambiwa hawezi kuinuka.

Nikamwambia Sulieti aurudishe mkanda mwanzo, tuuone tena.