Nyasi Chini ya Miguu ya Wapiganaji

Kila Jumapili Evaristo akitoka kanisani huja moja kwa moja barazani kwa Ridhiwani, hapo Kilwa Masoko, kupigana vita. Meza yao ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Wapiganaji ni wa mbao, urefu wa kidole gumba, kila mmoja amesimama juu ya kitako cha mviringo kisichozidi kifuniko cha soda. Ridhiwani ni fundi seremala, ndiye aliyewachonga. Mchezo wenyewe, wa kusogeza majeshi kwa kutupa dadu, walifundishwa na mgeni aliyepanga chumba kwake alipokuja kuchimbua magofu. Mgeni alikwenda zake na vita vya kwao, wao wakaweka vya Majimaji.

Evaristo, fundi cherehani, mzaliwa wa Likawage, hakubali upande wowote ila wa wapiganaji wa bara. "Babu zangu walishindwa mara moja," husema. "Mimi nashindwa kila Jumapili, lakini ipo siku." Ridhiwani huchukua askari wa Mjerumani, na hapo utani huanza. Makabila yao ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo matusi kati yao hayana kesi. Anayekosea mezani hutukanwa yeye, ukoo wake na mbuzi wake, mpaka wapita njia wasimame kusikiliza.

Lakini macho ya Evaristo yalianza kufifia. Hospitali walisema ni sukari. Mwanzo aliwaona wapiganaji kama yuko ndani ya chandarua, kisha akaona vivuli tu. Cherehani akaifunika kwa kitenge. Shati la mwisho aliloshona lilirudishwa na mteja likiwa na madoa ya damu kwenye kola. Sindano ilikuwa imemchoma kidole, naye akaendelea kushona bila kushtuka.

"Macho haya," alisema, na wote wakayalaumu macho.

Jumapili moja alikaa muda mrefu mkono ukiwa juu ya meza bila kushika kitu.

"Mtani," akasema, "vita hivi nadhani niviache."

"Umeshindwa au unakimbia?"

"Nakimbia. Simjui ninayempeleka kufa, wangu au wako."

Ridhiwani alicheka kidogo kwa ajili ya utani, lakini wiki nzima aliyarudia maneno yale akiwa anapiga randa. Wenzao wengine wa baraza ile walikwisha kufa, mmoja mmoja. Evaristo akiacha kuja, Jumapili itabaki ya kukaa na kutazama barabara.

Ndipo alipopata wazo la nyasi. Wapiganaji wa Evaristo atawaotesha nyasi miguuni. Askari wake mwenyewe atawaacha juu ya mbao tupu, laini kama sahani. Asiyeona kwa macho ataona kwa vidole.

Alinunua katani, akaikata kwa mkasi vipande vifupi kama ndevu za siku mbili, akamwomba mkewe Warda rangi ya kijani anayotilia ukili wa mikeka.

"Wanaume wazima mnaotesha nyasi juu ya mbao," Warda akasema akiwa anakoroga sufuria. "Na shamba letu kule Rondo limemezwa na nyasi za bure."

Kazi ilionekana rahisi. Alikwaruza kitako kwa msasa, akapaka gundi ya mbao, akanyunyiza mchanga ili katani ipate pa kujishikiza, akapaka gundi tena, akasimamisha nyasi. Zilikauka zikapendeza. Masika yalipoingia zikaanza kung'oka. Evaristo akimpapasa mpiganaji mmoja, nyasi zinabaki mezani kama nywele za mgonjwa. Ridhiwani akalaumu gundi, akajaribu ya viatu. Akailaumu katani, akajaribu makumbi ya nazi. Kila mvua ilipopita gundi ilivimba chini kwa chini na kuachia, mchanga na nyasi pamoja.

Evaristo ndiye aliyeligundua kosa. Siku hiyo aliokota chembe iliyodondoka, akaitia ulimini.

"Mtani, mchanga huu umeutoa wapi?"

"Pwani. Mchanga unatoka wapi kwingine?"

"Chumvi tupu. Nyumba yako yenyewe kila masika inatoka jasho, plasta inamwagika kama unga, kwa mchanga huuhuu. Sasa umeniletea na vitani. Watu wa pwani mtaunga chumvi hata maiti."

Ridhiwani aligeuka akatazama ukuta nyuma yake, ulivyobabuka kuanzia chini hadi usawa wa kiti. Ameishi na ukuta ule tangu aoe. Alicheka mpaka akakohoa, na Evaristo akacheka naye, na siku hiyo ilikuwa kama zamani.

Mpwa wa Evaristo alileta mchanga wa mtoni kutoka Likawage ndani ya kopo la maziwa. Ridhiwani aliuosha, akauanika, akaanza upya kwa mpiganaji wa kwanza. Juu ya nyasi akanyunyiza gundi iliyozimuliwa kwa maji. Mvua ilinyesha wiki nzima. Aliwavuta wapiganaji kwa kucha, akawasugua kwenye suruali, akawapindua na kuwagonga mezani. Halikuanguka hata jani moja.

Jumapili aliwapanga wote katikati ya meza, wa huku na wa huko wakiwa wamechanganyika.

"Chagua jeshi lako," akasema.

Evaristo alimwokota wa kwanza, akapitisha kidole juu ya kitako, kisha gumba. Nyasi zililala na kusimama chini ya gumba lake.

"Huyu wako," akasema, akamsogezea.

Akamwokota wa pili, askari wa Mjerumani aliyesimama juu ya mbao tupu. Alimpapasa kwa uangalifu, uso umeinuka kama mtu anayesikiliza redio ya mbali.

"Ndiye huyu. Umeotesha vizuri, mtani. Zimeshika."

Akamsimamisha upande wake.

Matusi yalikuwa tayari mdomoni mwa Ridhiwani. Mtu wa Likawage amejiandikisha kwa Mjerumani, angemtukana hadi Krismasi. Lakini akalikumbuka lile shati, na damu kwenye kola. Akavitazama vidole vya mwenzake.

Evaristo alingoja. Kichwa chake kiligeuka taratibu kuelekea aliko mwenzake.

"Mbona hunitukani?"

Ridhiwani alimshika kiganja, akakibonyeza kidole chake kwenye nyasi za yule wa kwanza.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mkono wako."

"Na kidole?"

Evaristo alisugua na kusugua. "Tupa dadu, mtani," akasema hatimaye.

Ridhiwani aliwapanga wapiganaji kwa niaba yake, akatupa dadu zake na za mwenzake, akawa anamtajia kila hatua. Kabla ya adhana ya Alasiri askari wa Mjerumani walikuwa wamelala wote. Ilikuwa mara ya kwanza Evaristo kushinda.

"Nimeshinda?" aliuliza.

"Umeshinda."

Alitikisa kichwa, akatafuta fimbo. Alipokwisha kushuka barazani Warda alitoka na ndala mkononi. "Shemeji, umeacha ndala moja." Evaristo alisimama kwenye tope la masika, mguu mmoja mtupu, akangoja avalishwe.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ridhiwani aliweka meza kama kawaida, akamwokota mpiganaji mmoja, akavuta nyasi kwa kucha. Zilikuwa zimeshika.