Birika Lisilopokelewa

Mimi ni karani wa shule, na kwa miaka kumi na sita nimetenganishwa na Bwana Stoo kwa ukuta wa mbao tu. Namsikia akikohoa, akihesabu jezi, akizungumza na panya. Nilidhani namjua. Kumbe nilikuwa najua kikohozi chake.

Kazi yake ni kutunza vifaa vya michezo, na mkubwa wa vifaa hivyo ni birika. Siku shule yetu na ile ya ng'ambo ya mto zilipocheza raga kwa mara ya kwanza, kabla wengi wetu hatujazaliwa, hapakuwa na kombe. Mpishi akatoa birika lake liwe zawadi. Katika kushangilia, jamaa mmoja mnene wa mstari wa mbele akalikalia, na mdomo wa birika umepinda mpaka leo. Tangu hapo anayeshinda hukaa nalo mwaka mzima.

Kulikabidhi si kazi ya wakuu wa shule. Ni ya watunza stoo, na ina masharti yake. Wa timu iliyofungwa hulipeleka kwa mikono yake, humwamkia mwenzake shikamoo hata kama ni rika moja, kisha chai huchemshwa humo humo na wawili hao huimaliza. Mwenzake Bwana Stoo huko ng'ambo alikuwa Kipara. Kwa miaka ishirini na miwili walionana siku moja tu kwa mwaka. Tukishinda sisi, Kipara alikuja kwetu, na ukuta wangu haukunyamaza mpaka jioni.

"Shikamoo, baba," Kipara alisema, amenuna.

"Marahaba, mwanangu. Umekua. Nywele tu ndizo zimegoma kuota."

Siku zilizobaki Bwana Stoo hakuwa na mtu. Mkewe alifariki zamani. Binti yake anaishi mbali, na simu zake ni za dakika mbili, halafu mtoto analia. Chumbani kwake, nyuma ya stoo, kuna vikombe viwili, na kimoja hukaa kifudifudi mwaka mzima.

Mwaka huu ilikuja barua, nikaifungua mimi. Shule ya ng'ambo imeacha raga, vijana hawatoshi timu. Mkuu wa shule alifurahi kupita kiasi, akasema birika sasa ni letu moja kwa moja, akaagiza kabati la kioo. Nami, punguani mimi, nikampelekea Bwana Stoo habari hiyo huku nacheka.

Aliketi juu ya gunia la mipira. "Sasa chai nitakunywa na nani?" akasema.

Hakuwa ananiuliza mimi. Nilirudi ofisini kwangu nikaona aibu, maana chai nakunywa kila siku, hatua tano kutoka kwake.

Jumamosi alilifunga birika kwa gazeti akavuka mto. Yaliyotokea huko alinisimulia Jumatatu.

Alimkuta Kipara anajaza upepo mipira ya kikapu. Wakasimama mlangoni wanatazamana. Hakuna aliyefunga wala aliyefungwa, kwa hiyo hakuna aliyejua nani amwamkie nani. Wazee wazima, salamu imewashinda.

"Mmefungwa?" Kipara akauliza mwishowe.

"Hatujacheza."

"Basi silipokei. Masharti ni masharti."

"Nimekuja nalo kwa miguu, Kipara."

"Nakuona. Na utarudi nalo kwa miguu." Akamnyang'anya birika, akalijaza maji, akaliteleka jikoni. "Jumamosi ijayo ulilete tena, nilikatae."

Kabati la kioo liko tupu. Mkuu ameniuliza mara tatu birika liko wapi, na mara tatu nimemjibu kwamba linasuguliwa. Jumapili mpaka Ijumaa bado namsikia Bwana Stoo akizungumza na panya, ila siku hizi anawaambia zimebaki siku ngapi.