Mchele wa Kukopa

Mchele ule haukuwa wetu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililopaswa kulisema siku ile, mbele ya wale wageni wawili, na sikulisema.

Mama alifariki mwaka mmoja baada ya baba. Nilikuwa kidato cha pili. Siku ya kuondoa matanga ndugu walikaa kikao, wakazungumza sana, wakala, wakaondoka. Nikabaki na wadogo zangu wawili, wote wasichana, na shamba la mpunga ambalo kila masika hukaa chini ya maji mpaka hatujui kama tutavuna. Sare yangu ya shule niliipunguza, nikamwekea anayenifuata. Sikulia. Nilikuwa nimegeuka mtu mzima kati ya Ijumaa na Jumatatu.

Tunakaa Mwaya, wilaya ya Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Mwaka ambao huyo anayenifuata alikuwa darasa la saba, mtendaji wa kijiji aliitisha mkutano akatangaza mradi wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kaya ikiandikishwa inapata ruzuku, sharti watoto wahudhurie shule. Majina yalisomwa hadharani na watu wakanyoosha mikono: huyu ni maskini, huyu siyo. Lilipotajwa letu, mikono yote ilipanda. Nilitazama chini, lakini moyoni nilifurahi. Sekondari ilikuwa mlangoni, na hiyo ruzuku ndiyo njia pekee niliyoiona ya kumfikisha mdogo wangu pale nilipoishia mimi, kisha kumvusha.

Tukaambiwa wawezeshaji kutoka wilayani watapita nyumba kwa nyumba kuhakiki.

Kwetu mgeni akisikika yuko njiani, uwanja hufagiwa mpaka mistari ya ufagio ionekane. Tulifagia. Tulisiriba kuta upya kwa udongo. Asubuhi yake akaja bibi jirani yetu, ambaye si wa damu lakini ndiye aliyetufuta machozi.

"Wageni wa serikali hao, mwanangu. Utawapa nini?"

"Chai, bibi."

"Chai! Watoke Kyela mjini mpaka huku waje kunywa maji ya moto? Mama yako angeficha uso."

Akarudi kwake, akaja na mchele wa kunukia aliokuwa ameuficha kwa ajili ya Krismasi. Nikasema nitamrudishia tukivuna. Baba mdogo akaleta mbasa wawili, samaki wa ziwani, wanono. Sahani tukaazima kwa mama mmoja wa kwaya, viti viwili tukaazima ng'ambo ya barabara. Chetu katika karamu ile kilikuwa meza tu, aliyoichonga baba.

Walikuja mwanamke mwenye kishikwambi na mwanamume aliyevaa kofia. Walinawa, wakala. Mwanamume akaongeza.

"Wali wa Kyela ni habari nyingine," akasema.

"Ongeza tena, kaka, upo," nikamjibu. Haukuwepo. Uliobaki sufuriani ulikuwa ukoko.

Yule mwanamke akamgeukia kitinda mimba wetu, wa miaka minane. "Eti mdogo wangu, jana mlikula mara ngapi?"

Mtoto akanitazama. Mama alikuwa ametufundisha: mgeni haambiwi njaa. Ukimwambia njaa yako akiwa mezani, umemtoa tonge mkononi.

"Mara tatu," akasema.

Nikatabasamu kwa fahari. Lile tabasamu linaniuma mpaka leo.

Orodha ilipobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, hatukuwemo. Nikaingia kwa mtendaji.

"Kaya yenu imeonekana ina uwezo," akasema. "Nyumba nadhifu, milo mitatu, wali kwa samaki. Ndivyo walivyoandika."

"Mchele ulikuwa wa kukopa."

"Mliwaambia?"

"Nani anamwambia mgeni hivyo? Wewe ungesema?"

Akacheka kidogo. Na yeye ni mtu wa hapa hapa, amelelewa kwa kanuni ile ile. "Mimi nisingesema," akajibu. "Lakini mimi siombi ruzuku."

Nilitoka nje. Serikali ilituma watu kutafuta maskini, na watu wale hawakujua maskini wa Kyela anafananaje akitembelewa. Walitaka uwanja mchafu. Walitaka watoto wanaolialia. Sisi tuliwapa heshima, wakaihesabu kuwa mali.

Januari ikafika. Redioni walikuwa wanajisifu kwamba elimu ni bila ada. Mdogo wangu alikuwa amechaguliwa, tukaletewa fomu ya kujiunga kidato cha kwanza. Kweli, ada haikuwemo. Kulikuwa na kiti na meza, rimu ya karatasi, jembe, ufagio, mahindi na maharage ya chakula cha mchana, na mchango wa mlinzi. Neno wameliondoa, vitu vyote wameviacha.

Wiki ya pili alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akakaa kwenye kizingiti na daftari mapajani.

"Wameniambia nisirudi bila kiti na meza."

Niliingia ndani nikaiondoa meza ya baba.

"Hiyo, dada? Tutakula wapi?"

"Tutakula mkekani. Beba kile kigoda cha mama."

Niliibeba kichwani mpaka shuleni, jasho likinitiririka mgongoni. Mwalimu wa zamu akaikagua kama ng'ombe wa mahari.

"Hii ni meza ya sebuleni."

"Ni meza. Ina miguu minne. Za serikali ziko wapi tuzilinganishe?"

"Usinipandishie sauti, dada. Mimi mwenyewe nasahihisha daftari magotini. Ofisini tuko walimu sita, meza ni mbili."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali ya kumwambia mtu yule, na yote yakakosa mwenyewe. Akaipokea. Lakini akanikumbusha mahindi: mwisho mwezi wa tatu, la sivyo mtoto atarudishwa tena.

Basi mkutano wa kijiji uliofuata nilisimama. Nikaeleza yote, wali, samaki, jibu la mtoto. Mwanamume mmoja nyuma akapaza sauti: "Maskini gani huyo, chakula chake kinanukia mpaka barabarani!" Watu wakaangua kicheko. Mtendaji naye akacheka.

Bibi jirani akainuka, taratibu, ameshika kiuno. "Mchele ulikuwa wangu. Cheka tena." Akageuka. "Na ninyi wengine, mmekaa kwa nini?"

Baba mdogo akasimama: samaki ni wangu. Mama wa kwaya: sahani ni zangu. Mwenye viti wa ng'ambo ya barabara naye akasimama. Nilitakiwa kufurahi. Ila kila aliyesimama alikuwa ananivua nguo moja mbele za watu, na vicheko vilipokwisha kulikuja ukimya ambao ulikuwa mbaya kuliko vicheko.

Mtendaji akaandika barua wilayani. Mahindi alinitolea mama wa kwaya, nikamlimia siku nne. Wawezeshaji walirudi wiki chache baadaye, wale wale.

Uwanja nilifagia. Hilo sikuwa tayari kuliacha kwa ajili ya serikali yoyote. Lakini niliwatandikia mkeka, nikawapa maji ya kunywa.

"Ile meza iko wapi?" akauliza yule wa kofia.

"Iko shuleni. Mdogo wangu anaisomea."

Mwanamke akafungua kishikwambi, akamwita kitinda mimba na kumwuliza swali lile lile. Mtoto akanitazama tena. Alikuwa anasubiri nimsaidie kutunza heshima ya nyumba, kama mama alivyotufundisha.

"Sema," nikamwambia.

Akauchokonoa mkeka kwa kidole. "Mara moja."

"Mlikula nini?"

"Ndizi."

Mwanamke aliandika bila kuinua macho. Mtoto akaondoka, akaenda nyuma ya nyumba, hakurudi mpaka wageni walipokwenda.

Safari hii jina letu lilitoka. Nilipokwenda kusaini, mtendaji alinitazama akitabasamu. "Haya, tuambie basi ndaga. Serikali imekusikia."

Ndaga ni asante yetu, nasi huitoa kwa wepesi, hata kwa kikombe cha maji. Siku ile haikutoka. Nilimwambia ndaga yangu ina mwenyewe. Tulipovuna nilimpelekea bibi mchele wake, nikaujaza mpaka ukamwagika, nikapiga magoti nikamwambia ndaga fijo, asante sana.

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha tatu. Amepita pale nilipoishia mimi, na meza ya baba bado iko darasani kwake. Nyumbani tunakula mkekani. Mgeni akipiga hodi, kitinda mimba wetu huwa wa kwanza kushika ufagio. Akimaliza kufagia huenda nyuma ya nyumba, na mimi simwiti.