Extension ya kuponi ilivyotaka kumpeleka mdogo wangu kanisani peku

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi huwa ni msomaji tu. Nakuja, nacheka, naondoka. Ila leo nimeona niandike, maana kila nikifungua simu nakutana na mtu anawafundisha wenzake kuweka extension za cashback na kuponi kwenye browser, na roho inaniuma.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kama kuna sehemu mtaona imezidi, ni kwa sababu bado nina hasira.

Nijitambulishe kidogo. Niko Dongobesh, wilaya ya Mbulu. Nina fremu ndogo, nauza kava za simu, chaja, protekta, na natengeneza simu zilizotumbukia kwenye ndoo (mngejua ni nyingi kiasi gani). Kabla ya hapo nimekulia mnadani. Marehemu baba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, nami nilimfuata minadani tangu sijaanza shule, Dongobesh, Haydom, mpaka Katesh kule Hanang.

Nalitaja la mnadani kwa sababu ndilo lililoniponza.

Sasa, nina mdogo wangu wa kike, Paskalina, anafundisha shule ya msingi huko Nambis. Mwaka huu alipata mchumba, kijana wa Katesh, mtu mzuri tu. Wazee wakakaa, mahari ikatoka, tarehe ikapangwa. Kila kitu kikapatikana kasoro viatu.

Wakuu, Paskalina anavaa namba 44.

Msicheke. Haya, chekeni kidogo, hata yeye huwa anacheka. Ni mrefu, amemchukua baba, na miguu ikaufuata urefu.

Tangu sekondari anavaa viatu vya kiume. Juu sketi ya shule, chini kiatu cha mvulana, na wasichana wenzake walimsema mpaka wakachoka wenyewe. Kazini hivyo hivyo. Kanisani hivyo hivyo.

Siku kamati ya harusi inagawana majukumu alinivuta pembeni akaniambia, "Kaka, kwako sitaki kitu kingine. Siku hiyo moja tu nataka nivae kiatu cha kike."

Nikamwambia hilo niachie mimi.

Tukazunguka. Mbulu mjini hakuna. Katesh hakuna. Babati kuna muuzaji alitutolea kiatu cheupe cha kiume, amekibandika ua la kitambaa kwa gundi, na akatukazia macho bila aibu kabisa. Paskalina alicheka pale dukani. Ila njia nzima ya kurudi aligeukia dirishani.

Ndipo nikaingia mtandaoni, na viatu nikaviona.

Rangi ya maziwa, kisigino kifupi, kamba nyembamba ya kufunga kwenye kifundo. Namba 44 ipo. Duka la nje, mzigo unafika Arusha, halafu basi linaleta mpaka Dongobesh. Muda ulikuwa unatosha kabisa. Nikamtumia picha, akanijibu kwa voice note ambayo haina hata neno moja, ni kucheka tu mwanzo mpaka mwisho.

Hapo ningelipa, nisingekuwa na cha kuwaandikia leo.

Lakini mimi nilikuwa na extension.

Kwa asiyejua, ni kijiprogramu unakiweka kwenye browser. Ukifika mahali pa kulipia kinajitokeza chenyewe juu pale kwenye kona, kinajaribu kuponi zote kinazozijua, na kinakuahidi kwamba sehemu ya hela yako itarudi baadaye. Ndiyo hiyo cashback. Nilikuwa nimeshaijaribu nikiagiza protekta za dukani, na bei ilishuka kweli. Cashback ikaandikwa pending, yaani inasubiri. Nikawa natembea Dongobesh kifua mbele, nawaona wengine wote wanaibiwa.

Basi nikaweka viatu kwenye kikapu. Duka lenyewe lilikuwa limenipa code ya mteja mpya, usafiri bure. Nikaiweka, ikakubali. Ile nataka kubonyeza kulipa, kidirisha hicho hapo.

Subiri, tunakutafutia bei nzuri zaidi.

Ikaanza kujaribu kuponi. Hii imegoma. Ile imegoma. Nyingine imeisha muda. Mwisho ikarusha vikaratasi vya rangi screen nzima kunipongeza kwamba nimepata bei nzuri kuliko zote.

Nikaangalia bei. Ni ile ile. Na code yangu ya usafiri bure imefutwa. Nikairudisha, duka linaniambia code hii imeshatumika.

Imetumika na nani, wakati mimi nimekaa hapa na kiatu sina?

Nilichukia, wakuu. Mtu mwingine angelipa hivyo hivyo akaendelea na maisha. Ila extension ikaleta kitufe kingine: acha bidhaa kwenye kikapu, sisi tutaifuatilia, bei ikishuka tutakushtua.

Hapo ndugu zangu nikaona sasa tunaongea lugha moja.

Kwa wasioijua minada ya huku, hununui kwa bei ya kwanza. Unauliza bei, unamshika mbuzi mgongo, unamfungua mdomo, unaguna, unaondoka. Unaenda kusimama kwa mbuzi wa mtu mwingine kama vile umempenda. Ukigeuka mapema umekwisha. Tulia, mwenyewe atakuita, "Kijana, njoo basi tuongee." Ukinunua bila kuondoka, hata aliyekuuzia anakudharau. Baba alinifundisha kuondoka kabla hajanifundisha kuhesabu.

Kwa hiyo nikafunga laptop, nikaondoka.

Kesho yake duka likanitumia email: kuna kitu umesahau kwenye kikapu chako. Nikacheka peke yangu kwenye fremu. Ameshaanza kuita huyo. Sikugeuka.

Ikaja nyingine, safari hii wamepunguza kidogo. Anaita kwa nguvu sasa. Nikasema bado, huyu atashuka tu. Na extension kila nikifungua inanitia moyo, tulia, tunakufuatilia.

Paskalina akanipigia. "Shikamoo kaka. Viatu vimefikia wapi?"

Nikamwambia marahaba, vinakuja, kuna mambo madogo ya bei.

"Kama ni bei kaka nitaongezea."

Nikamwambia atulie, hayo awaachie watu wa mnadani. Nikikumbuka jibu hilo natamani kujificha.

Baada ya hapo kukawa kimya. Email hazikuja tena. Siku zinaenda, mimi bado nimesimama kwa mbuzi wa jirani nasubiri kuitwa.

Halafu extension ikanishtua. Habari njema, bei imeshuka. Imeshuka nusu nzima. Nilikuwa nimeshika simu ya mteja imefunguliwa mgongo, nikaiweka chini, nikakimbilia laptop.

Namba zilizobaki: 35 na 36.

Namba 44 ilikuwa jozi moja tu na imeshaenda. Bei imeshuka kwa sababu vilivyobaki ni vya miguu ya mtoto wa darasa la nne. Na pale juu kwenye kona kimeandika, lipa sasa usikose cashback yako.

Nikawaandikia customer care wa hiyo extension. Akajibu roboti, akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Nikaeleza habari ya harusi, akanipa link ya kualika marafiki. Nikauliza cashback ya protekta, nikaambiwa imekataliwa, manunuzi hayakuonekana kwenye mfumo wao. Na nilipochimba zaidi nikakuta hata ingekubaliwa, inatumwa kwenye akaunti za huko kwao ambazo mimi sina, kwenye simu yangu haifiki.

Ndipo nikakaa nikasoma yale masharti ambayo huwa tunayapita. Kumbe hii kitu inalipwa na maduka. Ukinunua ikiwa imejitokeza pale kwenye kona, inapata chake. Ukikosa, haikosi usingizi, mwenye harusi ni wewe.

Ni dalali, wakuu. Mtoto wa mnadani mzima mzima nimeshindwa kumtambua dalali kwa sababu tu hakuvaa koti refu na kushika fimbo.

Jumamosi nikaenda nyumbani kwa mama kusema. Paskalina na mama walikuwa uani wanachambua vitunguu saumu vya kupeleka sokoni. Nikamwamkia mama, nikakaa, nikaanza kuchambua na mimi. Mama akaniangalia kidogo tu.

"Sema ulichokuja nacho," akaniambia.

Nikasema chote. Paskalina aliendelea kukata mizizi ya kitunguu kimoja hicho hicho mpaka akaanza kukata kitunguu chenyewe. Halafu akasema taratibu, "Kaka, mimi ningevitaka hata kwa bei ya kwanza."

Hakulia, hakugomba. Afadhali angegomba. Mama akamwambia avae vyake vya kanisani, gauni ni refu litafunika. Akajibu, "Sawa mama." Hiyo sawa ilinikata maini, nawaambia ukweli.

Sikumaliza hata chai. Nikarudi Dongobesh, nikatafuta duka baada ya duka, na nikapata vingine. Vyeupe, vizuri kuliko vile vya kwanza. Ila 44 hakuna, ipo 45. Bei imechangamka, na nikitaka viwahi natakiwa kulipia usafiri wa haraka.

Nilikuwa na beberu mmoja namfuga pale nyumbani kwangu. Nikampeleka mnadani.

Akaja mzee mmoja, nikamwamkia, akataja bei. Nikamwambia sawa mzee, mchukue.

Mzee akasimama. "Ana nini huyu mbuzi?"

Nikamwambia hana kitu.

Akamfungua mdomo. Akakagua kwato moja moja. Akaweka sikio kwenye mbavu. Akaniuliza kwa upole kama mbuzi ni wangu au kuna mtu anamtafuta. Halafu akaondoka zake. Ikabidi nimwite arudi, niikatae bei yake, tuvutane kidogo ili aridhike, ndipo akanunua kwa bei ile ile aliyoitaja mwanzo.

Nikarudi kwenye laptop. Kabla ya kitu chochote nikaitoa extension. Ikaniuliza kama nina uhakika, nitakosa mapunguzo. Nina uhakika. Ikaniuliza tena. Nikaitoa, nikaingia dukani, nikalipa bei ya kwanza waliyoitaja bila kuguna. Sijawahi kufanya hivyo maishani na mwili wote ulikataa.

Mzigo ulifika na basi la Arusha, harusi ikiwa kesho yake. Kondakta akanikabidhi boksi, nikapanda pikipiki moja kwa moja mpaka nyumbani. Uani kumejaa mashangazi, masufuria yako motoni. Paskalina akalichukua boksi bila kuniangalia, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nikasimama nje ya mlango. Nikajua tayari, vimembana, sina mbuzi mwingine.

Mlango ukafunguliwa. Amesimama navyo miguuni.

"Kaka, vinanipwaya."

Nikaanza kujieleza, kwamba 44 haikuwepo, kwamba ilikuwa 45 au tukose. Hakuwa ananisikiliza. Akanipita akaenda kwa mama. "Mama, angalia, vinanipwaya." Akamfuata shangazi mkubwa jikoni akamwonyesha, kisigino kinatoka na kurudi. Akamwonyesha kila aliyekuwepo pale uani, anacheka na machozi yanamtiririka, na mimi nimebaki mlangoni ndiyo naanza kuelewa. Maisha yake yote hakijawahi kutokea kiatu cha kike kikawa kikubwa kwake.

Mama akaweka pamba kwa mbele. Kesho yake Paskalina alitembea katikati ya kanisa na gauni ameliinua juu kidogo kuliko wanavyoinua maharusi wengine, na hakuna aliyethubutu kumwambia alishushe.

Sasa nilichojifunza, kwa wale mnaopenda kuruka mpaka mwisho. Kuponi tafuta mwenyewe, iweke mwenyewe, ikikubali lipa ondoka. Kinachojitokeza chenyewe kukuambia subiri, jiulize kwanza kinalipwa na nani. Na ule utaratibu wa kuondoka ili uitwe ubaki mnadani, kwa sababu kule muuzaji ana macho na anakuona unavyoenda. Cashback yangu mpaka leo imeandikwa imekataliwa, na sina mpango nayo.

Haya, leteni na ya kwenu, extension imekukosesha nini? Ila atakayekuja hapa kuniambia kuna nyingine mpya inafanya kazi vizuri, namba ya Paskalina nitampa, akamweleze yeye.