Barua ya Koleta Iliyoogopa Kuomba

Haya nitakayosema hamtayaamini, wala siwalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo nilijifinya mara mbili. Hapa Nachingwea mjini, nyuma ya soko, yupo binti anayetibu Kiingereza. Kiingereza cha watu kikivunjika mguu kinaletwa kwake, na kinaondoka kinakimbia. Anaitwa Hajra, mtoto wa dada yangu Biasha. Akili kazirithi kwangu, ingawa mimi shule niliiaga darasa la tano, kwa heshima, bila kugombana na mtu.

Hajra ana kibanda cha steshenari: kompyuta moja, printa inayokohoa, na rula ya mbao aliyotoka nayo sekondari. Rula ndiyo mashine yenyewe. Ukimletea barua ya Kiingereza anaziba mistari yote, anaacha sentensi moja tu wazi, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Anaisoma kwa sauti. Ikisimama peke yake, inapita. Ukijikuta unauliza "halafu?", hiyo imekatika, anaitia alama.

Mwezi uliopita alikuja Koleta, binti wa Kilimarondo, kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Chuo kimoja cha uuguzi huko Ruangwa kilikuwa kinafunga kupokea barua za maombi siku hiyo hiyo, saa tisa. Mwaka jana walimkataa. Akikataliwa tena, baba yake keshasema: atabaki shambani kuwapigia tembo madebe wasile mazao.

Hajra akaweka rula, akasoma, akatufasiria: "Kwa sababu nimemuuguza mama miaka mitatu." Nukta.

"Halafu?" nikauliza mimi.

"Umeona? Hata Mjomba kagundua."

Rula ikashuka. "Kama mkinipa nafasi chuoni kwenu." Halafu? "Ingawa mwaka jana mlinikataa." Halafu? Sentensi tisa, zote zimekatika, na hakuna hata moja inayosema binti anataka nini.

"We mtoto," nikamchokoza, "huko Kilimarondo wino wanapimiwa kwa kijiko?"

Koleta akainamisha uso. Hajra akanitupia jicho moja tu, nikajifanya naikagua printa.

"Dada Koleta," akasema, "nyumbani ukitaka kitu kwa baba, unamwambiaje?"

"Namwambia, 'Baba, kwa vile shule zimefungua...'"

"Halafu?"

"Nanyamaza. Mkubwa anamalizia mwenyewe. Nikimalizia mimi, si nitakuwa namwamuru?"

Jamani! Kicheko kilinikauka mdomoni. Ndivyo tulivyolelewa wote. Mimi mwenyewe posa niliipeleka nusu, mkwe akamalizia iliyobaki. Kumbe binti wa watu alikuwa anawaheshimu wakubwa wa chuo, na wao wakadhani hajui anachotaka!

"Hao wa Ruangwa hawakujui," Hajra akamwambia kwa upole. "Hawawezi kukumalizia. Jaribu kwangu, mpaka mwisho."

Koleta akashika ukingo wa meza kama anayevuka mto. "Kwa sababu nimemuuguza mama miaka mitatu..." Akaitazama rula. "Naomba mnifundishe kuuguza na wengine."

Hajra akainuka, akampa kiti chake mbele ya kompyuta. Hakumwandikia hata neno. Alisukuma rula tu, sentensi kwa sentensi, na Koleta akamalizia zote tisa mwenyewe. Ile ya mwaka jana ikawa: ingawa mlinikataa, naomba tena. Saa tano printa ikakohoa, na bodaboda ikaelekea Ruangwa.

Jana Koleta kapiga simu analia na kucheka kwa pamoja. Kapokelewa!

Ndiyo maana nimekaa hapa kibandani nikimsomea Hajra haya ayachape, ukoo mzima ujue tumezaa nini. Sifa zake zimefika Namungo. Wachimba dhahabu wameacha mashimo, timu nzima ya mpira imeacha mazoezi, wote wamepanga foleni na barua zao mkononi, kuanzia mlango huu mpaka...

"Mpaka wapi, Mjomba? Nje namwona mzee Kassian peke yake, tena anataka fotokopi."